Kurasa Tatu Zilizokunjwa

Habari ya kifo chake niliipata kanisani, Jumapili, wakati wa matangazo. Katekista alisoma kwanza zamu za kufagia, kisha ndoa mbili zilizokuwa zikitangazwa kwa mara ya pili, kisha akakohoa na kusema kwamba aliyekuwa diwani wetu kwa vipindi viwili amefariki dunia baada ya kuugua, na kwamba atazikwa nyumbani kwao Murusagamba siku ya Jumanne. Mama aliyeketi mbele yangu aligeuka akanipa mkono. "Pole, rafiki yako ametangulia," akasema. Nikaupokea mkono, nikashukuru. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikilifikiria neno hilo, rafiki. Mimi ni mtu wa kupima maneno, na hilo nilishindwa kulipima. Alikuwa mtu niliyemfahamu vizuri. Nilikunywa naye. Nilimwandikia hotuba zake. Na ndiye mtu pekee ambaye amewahi kunifanya niinuke katika ukumbi uliojaa watu na kutoka nje nikiwa nimeinamisha kichwa.

Safu hii haitaji majina ya watu, na leo pia haitataja. Lakini kwa msomaji mgeni niseme mimi ni nani katika habari hii. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na ofisi za halmashauri, hapa Biharamulo. Wazazi wangu walihamia huku kutoka Ngara, kwa hiyo nyumbani tulilelewa kwa Kihangaza, na shule niliishia darasa la saba. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota katika kamusi moja iliyochanika jalada, katika magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na katika mihtasari ya vikao ambayo watu wameniletea niichape kwa miaka mingi. Katika kazi hiyo nina kanuni moja: maneno ni ya mteja. Narekebisha tahajia, naweka nukta panapohitaji nukta, lakini maana siigusi mpaka niombwe.

Yeye aliniomba. Alikuja kibandani mara ya kwanza akiwa diwani mpya, na karatasi mbili za hotuba aliyoiandika kwa mkono, akasema, "Inyooshe hii, isinitie aibu." Nilihesabu humo "wananchi wangu wapendwa" kumi na moja. Nikawaacha wawili. Alipoipokea aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, kisha akanitazama juu ya miwani. "Hawa tisa umewapeleka wapi?" Nikamjibu kwamba nimewaacha nyumbani wapumzike, watakuja kwenye mkutano ujao. Alicheka mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu Asiye na Darasa, na mimi nikamwita Mheshimiwa, na hakuna hotuba aliyoitoa ambayo haikupita kwanza mikononi mwangu.

Alikuwa na kipaji ambacho sikukiona kwa mwanasiasa mwingine: kulieleza jambo gumu kwa kitu kilichomo ndani ya nyumba ya mtu. Nilikifahamu kipaji hicho siku aliponichukua kwa pikipiki kwenda kumwona mama yake Murusagamba. Barabara ya huko wengi mnaijua. Unafika mwili umelegea kama uliyetoka kulima. Mama yake alituwekea chungu cha pombe ya mtama kwenye kivuli cha migomba. Kwetu pombe hiyo huvutwa kwa mrija mrefu wa tete wenye kichujio kidogo kilichosukwa kwenye ncha. Zamani mrija ulikuwa mmoja, ukizunguka: mwenye nyumba anavuta kwanza, mgeni anaona kwamba hamna sumu, ndipo na yeye anapewa. Kuukataa mrija uliotoka mdomoni mwa mwenzako kulikuwa sawa na kumwambia humwamini. Lakini yeye, badala ya kupokea mrija wa nyumbani, aliingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti akatoa wake, umezungushiwa kipande cha gazeti. Kisha akanipa mimi mwingine mpya.

Akanisimulia mkasa wake. Alipokuwa mwenyekiti wa kitongoji pale pale Murusagamba, kabla hajahamia mjini kwetu, kipindupindu kiliingia. Bwana afya alipita na kipaza sauti akipiga marufuku pombe, na watu wakahamishia vyungu ndani ya nyumba. Yeye hakupiga marufuku chochote. Alikata mzigo wa matete, akapita nyumba kwa nyumba, akimwachia kila mnywaji mrija wake na uzi wa rangi yake ili usichanganywe na wa mwingine. Mzee mmoja alikasirika. "Unatufundisha kuogopana?" akamuuliza. "Hapana, babu," akajibu. "Nakufundisha uje unywe na mwakani." Mzee akauchukua mrija. Miezi ikapita, ugonjwa ukaondoka, na mirija yenye nyuzi ikabaki kuwa desturi ya kitongoji kile mpaka leo. "Na hakuna hata mmoja," aliniambia akipangusa mdomo, "hakuna hata mmoja aliyesema nawafundisha watu ulevi." Nilirudi mjini nikaliandika hilo katika daftari langu. Nilidhani nimekutana na mtu mwenye akili na ujasiri vikiwa pamoja, jambo ambalo halitokei kila siku.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mdogo wangu, anayenifuata, alikuwa fundi wa matairi kwenye maegesho ya malori, kando ya barabara kuu inayokwenda mpakani. Mikono yake ilisifika; madereva wa nchi tatu walimjua. Katika maegesho yale, pamoja na chai na chapati, huuzwa unga, ule wa kulevya. Alianza kwa kuvuta, akaishia kujidunga. Nilijua kwa miaka miwili kabla sijamwambia mtu. Kituo cha afya kilicho jirani na maegesho kilikuwa kimeanza huduma ya majaribio. Unaleta sindano uliyoitumia, unaitumbukiza kwenye boksi la njano, unapewa mpya ikiwa kwenye pakiti yake. Muuguzi aliyeisimamia alikuwa na maswali mawili tu: umekula? na, umepima lini? Mdogo wangu alikuwa akienda. Alipima mara mbili katika kipindi hicho, na mara zote mbili alikutwa hana virusi. Kwa mtu ambaye mwanzo alikuwa akichangia sindano moja na wenzake wanne, niliyahesabu majibu hayo kama mazao. Lakini muda wa majaribio ulikuwa unaelekea ukingoni, na ili huduma iendelee ilibidi baraza la madiwani likubali.

Niliyatoa haya moyoni kwa mara ya kwanza pale pale Murusagamba, kwenye chungu, safari yetu ya tatu au ya nne. Mama yake alikuwa ameingia ndani. Tulikuwa tunazungumza Kihangaza, kama kawaida yetu tukiwa wawili. "Tangu asubuhi kuna kitu unakimeza hakishuki," aliniambia. Kisha akaingiza Kiswahili, kwa sababu methali hii aliipenda kwa Kiswahili: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema." Nikasema. Nilimwambia mdogo wangu anajidunga, nikamweleza habari ya boksi, nikamweleza na majibu ya vipimo. Hakushtuka. Alivuta pombe polepole, akatazama migomba, akasema, "Hii si mirija tu, Mwalimu? Nani kwetu asiyeelewa mirija?" Akaniambia hoja ile ni yake, ataibeba mwenyewe mpaka barazani, kazi yangu iwe kuiandika. Kwetu neno lililosemwa watu wawili wakiwa wameinamia chungu kimoja halitoki pale. Hakuna anayekuapisha. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi, na ndiyo sababu sikumwomba anifichie siri. Ningeomba, ningekuwa nimemtukana.

Niliandika kurasa tatu, kwa wiki mbili. Sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama ule. Nililiondoa neno mateja kila mahali nikaweka waraibu, kwa kuwa la kwanza ni tusi na la pili ni hali ya mgonjwa. Nikaliondoa neno kugawa nikaweka kubadilisha, kwa kuwa ndivyo huduma ilivyokuwa: mpya haitoki mpaka ya zamani iingie. Katikati ya ukurasa wa pili niliuweka mkasa wa mirija, kwa maneno yake mwenyewe, na yule mzee na hasira zake. Kuhusu mdogo wangu nilikuwa na busara, au hivyo nilijiambia. Hakuonekana popote. Mahali ambapo ningemweka niliandika walengwa wa huduma. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi nikaona ina heshima, ina sura ya ofisi, haina pa kushikwa.

Kabla ya baraza kulikuwa na mkutano wa hadhara wa kata, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Muuguzi alisimama akaeleza kwa utaratibu, akiwa ameshika boksi lililo wazi na tupu ili watu walione. Mwuza mitumba mmoja akapaza sauti, "Wapeni na mito ya kulalia basi!" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza, "Kwani mateja nao wanapiga kura?" Kicheko kikazidi. Kisha mama mmoja akasimama, yeye hakuwa anacheka. "Sista," akamwambia muuguzi, "mwanangu akiona wenzake wanapewa sindano bure na serikali, mimi nitamkanya kwa maneno gani?" Lile lilikuwa swali la haki na sijalidharau hata leo. Muuguzi akamjibu, "Mama, sindano hizo zipo tayari. Watoto wanazikanyaga wakienda kuchota maji. Mimi naomba zirudi kwangu." Hapo ndipo mwenyekiti wa mkutano aliposema maneno ambayo nayasikia mpaka sasa: "Kama kuna mtu hapa ambaye ndugu yake amesaidiwa na huduma hii, asimame aseme, tumsikie."

Hakusimama mtu. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, daftari gotini, kalamu mkononi. Mdogo wangu alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta wa choo cha shule, na ovaroli lake jeusi kwa grisi. Niliandika katika daftari kwamba hakusimama mtu. Nilijiambia kwamba hoja iko mikononi salama, kwamba mtu mkubwa kuliko mimi ataisema mahali pakubwa kuliko pale. Mheshimiwa alifunga mkutano kwa kusema, "Nimewasikia, wananchi wangu wapendwa." Nikatabasamu. Nilidhani ananitania mimi.

Siku ya baraza niliketi kwenye viti vya wananchi, nyuma. Ulikuwa msimu wa kuelekea kura za maoni, na wapinzani wake ndani ya chama walikuwa wameshaanza kupita vijijini. Hoja ilipotajwa, diwani mmoja alinyanyuka kabla ya zamu yake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, leo sindano. Kesho tuwanunulie na unga wenyewe?" Meza zikapigwa. Mwingine akasema halmashauri haiwezi kuhalalisha uovu. Wa tatu akataja maadili, wa nne akataja kizazi chetu, wa tano akataja mila na desturi zetu. Niligundua kitu nilipokuwa nikinakili: katika saa nzima hakuna aliyesema boksi, hakuna aliyesema kituo cha afya, hakuna aliyesema ugonjwa. Maneno yote yalikuwa makubwa, yenye sauti ya kengele, na hayakumgusa mtu yeyote mwenye mkono na mshipa. Nilitulia. Nilijua mtu wangu anakuja na mirija.

Alisimama na kurasa zangu tatu mkononi. Alizitazama kidogo. Kisha akazikunja mara moja, akazikunja mara ya pili, akazitia katika mfuko wa ndani wa koti. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "hoja hii inasemwa ni yangu. Si yangu. Niliipokea kwa sababu ya ubinadamu. Yupo mwandishi mmoja hapa mjini, tunamheshimu, anatuchapia makaratasi yetu. Mdogo wake anajidunga kule kwenye malori. Aliniambia mwenyewe, machozi yakimlengalenga. Namwonea huruma. Lakini je, halmashauri nzima iendeshwe kwa matatizo ya nyumba moja?" Meza zilipigwa mpaka glasi za maji zikatikisika. Diwani aliyeketi jirani naye akamtupia, "Na ile mirija yako, Mheshimiwa, ya kipindupindu?" Alikuwa anatania tu. Naye akajibu bila kusita, "Mirija ni mila. Sindano si mila yetu." Mwenyekiti akauliza wanaoafiki huduma ifungwe. Sauti ya ndiyo ilijaza ukumbi. Watu waliokuwa mbele walikuwa wameshageuka kunitafuta kwa macho, na mimi nikainuka nikatoka.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu marehemu hawezi kujibu. Hakusema uongo. Mdogo wangu alikuwa anajidunga, na mimi nilimwambia. Hata machozi, huenda yalikuwepo. Kilichoniumiza ni kwamba alichukua ukweli wote wa pale chini ya migomba, akauacha ule uliokuwa unaokoa, akaubeba ule uliokuwa unaaibisha. Nimeuliza kwa miaka kadhaa ilikuwaje mtu yule yule aliyepita na mzigo wa matete nyumba kwa nyumba akaweza kusema maneno yale, na jibu nililonalo halinifurahishi. Sidhani angeweza kuyasema kwa Kihangaza, mama yake akiwa anasikia. Huku kwetu Kiswahili tumekipata shuleni, sokoni na ofisini, na tumekifanya kama koti la mikutano: tunalivaa tukienda kusimama mbele ya watu, na tukishalivaa tunaruhusiwa kusema yale ambayo tukiwa na nguo za nyumbani tungeona haya. Nyumbani tunasema fulani anaumwa. Ukumbini tunasema janga. Nyumbani tunasema mtoto wa fulani. Ukumbini tunasema mateja. Lawama si ya lugha. Mimi nimeipenda lugha hii kuliko vitu vingi na imenilipa kwa kunifanya mtu. Lawama ni yetu sisi tulioitengea kazi ya kusemea mambo yasiyotuuma.

Boksi la njano liliondolewa kituoni wiki iliyofuata. Muuguzi alihamishwa baadaye, kwa sababu ambazo sikuzijua na sitazibuni. Mdogo wangu alimaliza mwezi mmoja tu kwenye maegesho. Wenye malori walianza kumwangalia mikono badala ya matairi, na wachuuzi wakawa wanamwita kwa jina langu, "Mdogo wa Mwandishi", wakicheka. Akahamia Nemba kwa dada yetu, akaanza kulima mihogo. Unga haukumwacha kwa sababu ya azimio la baraza. Alikuwa akirudi barabarani kimya kimya, na safari hizo sindano ilikuwa ile iliyopatikana. Alipopima tena, virusi vilikuwepo. Sitadai kwamba najua ni sindano ipi. Najua tu mpangilio wa mambo: alikutwa salama mara mbili boksi likiwepo, akakutwa navyo boksi likiwa halipo. Sasa anameza dawa kila siku, anapendeza, unga ameupunguza sana. Kuacha kabisa bado, na hapendi aulizwe.

Mheshimiwa hakupita katika kura za maoni, pamoja na yote aliyoyauza. Hakurudi kibandani kwangu. Tulikutana mara moja, kwenye mnada wa ng'ombe Nyamahanga, uso kwa uso, pasipo pa kukwepea. "Mwalimu," akaniambia, "siasa ni siasa." Nikamwambia ndiyo, Mheshimiwa. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nimeyapima pia, na hayana uzito wowote.

Jumatatu, siku moja kabla ya mazishi, alikuja kibandani mwanawe mkubwa, mwalimu wa sekondari. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Poleni sana." Alileta wasifu wa marehemu ili niuchape usomwe kaburini. Nilianza kupiga herufi. Kuzaliwa, elimu, ndoa, uongozi. Kwenye aya ya nne niliachia kibodi. Iliandikwa: Akiwa diwani, aliiokoa kata yetu na janga la sindano. Nikamuuliza kijana kama anajua sentensi hiyo inasema nini. Akainamisha macho. "Ndilo jambo watu wanalomkumbukia, baba mdogo. Wazee wa ukoo wameniambia lisikosekane." Akangoja kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ukiona vibaya, niende pengine." Nilitazama karatasi yake, nikaitazama kanuni yangu. Maneno ni ya mteja. Nikaichapa sentensi ile kama ilivyokuwa. Nilirekebisha tahajia ya neno moja.

Niliisikia ikisomwa Jumanne, Murusagamba, kwenye kipaza sauti, mbele ya umati. Watu waliguna kwa kukubali. Baada ya maziko vyungu vilitolewa, na pale nyumbani kila mtu bado ana mrija wake wenye uzi wa rangi yake. Wazee waliovushwa kipindupindu kile walikuwepo, wakivuta taratibu. Mjane akaniita pembeni. "Shemeji, huu tumeukuta kwenye koti lake. Alikuwa akisema ni wa kunywea na wewe." Ulikuwa mrija wake, umezungushiwa karatasi. Niliukunjua nikiwa nimesimama. Karatasi zilikuwa tatu, zimelainika kama kitambaa, zina madoa ya pombe, na maandishi yalikuwa yangu. Sijui kama alizitunza au zilikuwa tu karatasi zilizokuwa karibu alipohitaji kitu cha kuzungushia. Nimejaribu kuamua moja kati ya haya mawili, na kila ninapoelekea kwenye lile la kumpunguzia mzigo, naikumbuka sauti yake ukumbini. Mrija niliurudisha kwa mjane. Kurasa nikaondoka nazo.

Niliporudi nilipitia Nemba. Mdogo wangu alikuwa anamenya mihogo na dada yetu. Nikampa kurasa zile, hakuwahi kuziona. Alinawa mikono kwanza, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akazisoma zote, polepole, kidole kikifuata mistari. Alicheka kwenye hadithi ya mzee na mrija. Alipomaliza alizigeuza nyuma kama anayetafuta kitu.

"Umeandika vizuri, kaka," akasema. "Niko wapi humu?"

Nikamwonyesha. Walengwa wa huduma.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

Aliupitia mstari ule tena kwa kidole. Dada yetu aliendelea kumenya. "Yule Mheshimiwa wako," akasema hatimaye, "alinivua nguo mbele ya watu, Mungu anamwona. Lakini alisema mimi ni mdogo wako. Kila aliyetoka mle ukumbini aliniambia: amekutaja kuwa ndugu yake mwandishi. Wewe siku ile shuleni uliulizwa kama una ndugu. Mimi nilikuwa pale ukutani, nakutazama kisogo." Akanirudishia kurasa. "Kurasa tatu, kaka. Na mimi simo."

Nilizipokea kurasa, nikazikunja kama zilivyokuwa. Kwa miaka yote hii nimehesabu mtu mmoja aliyesalitiwa, mimi, na mtu mmoja aliyesaliti, yeye. Hesabu hiyo siifuti; marehemu aliniuza, na kifo hakimgeuzi kuwa vinginevyo, hata kama nilisaidia kumchapia wasifu mzuri. Lakini hesabu ilikuwa pungufu. Nilimpa mtu mwingine abebe neno ambalo lilikuwa langu, kwa kuwa nilitaka liokoe ndugu yangu bila kunigusa mimi. Neno la namna hiyo likikunjwa na kutiwa mfukoni, huna pa kulidai. Somo nililolipata kaburini Murusagamba na kwenye kinu cha Nemba ni hili: jambo linalokuuma lisimame na mdomo wako, katika lugha yoyote uliyonayo, mbele ya walewale wanaocheka, siku ile ile unapoulizwa. Ukilipamba kwa maneno ya ofisi ili lisikuaibishe, umelifungulia mlango, na wa kwanza kupita atalibeba anakotaka yeye.

Basi nalisema hapa, kwa kuchelewa, kwenye safu isiyotaja majina, lakini inayosomwa na wengi waliokuwepo uwanjani siku ile. Mwenyekiti, uliuliza kama kuna mtu mwenye ndugu aliyesaidiwa na huduma ya kubadilisha sindano. Yupo. Ni mimi. Ni mdogo wangu, anayenifuata, fundi wa matairi. Alikuwa amesimama nyuma.